Gari ya kazi kwa fundi wa Nairobi: Probox, Carry, vani ama pikapu?

Ukianza kupata kazi zinazofuatana, leo uko Ruaka unafunga dari ya jipsamu, kesho klayenti wa Kitengela anataka rangi, unaona vile faida inaishia kwa kukodisha gari na kulipa boda wa kubeba ndoo, na hapo ndio wazo la kununua gari yako linaingia. Ukiuliza mafundi wenzako kila mtu anakuambia ununue kama yake. Mwenye Probox anaapia Probox, mwenye pikapu anakuambia bila pikapu wewe si kontrakta, na wote wanasema ukweli, ukweli wa kazi zao. Kazi yako inaeza kuwa tofauti kabisa.

Msimamo wangu nauweka mbele mapema ndio usome ukijua: gari ya kazi ichaguliwe na mzigo wa Jumanne ya kawaida, usiangalie mzigo wa ile kazi kubwa moja ulipata mwaka jana. Ile kubwa hadiwea itakuletea mpaka saiti, nyingi hufanya hivyo ukinunua mzigo wa maana, ama unakodisha kanta (lori ndogo) siku moja na maisha inaendelea. Inaniuma sana kuona fundi mzuri, mikono safi, amechukua mkopo wa pikapu ya mamilioni halafu kila siku inabeba ngazi moja na mkoba wa vyombo, na kazi zikipoa kidogo mkopeshaji anakuja kuivuta.

Hapa nalinganisha nne ambazo mafundi wengi wanazunguka nazo: Probox (wagoni ya mzigo ya Toyota), Carry (pikapu ndogo ya Suzuki) na ndugu zake wadogo, vani ya saizi ya TownAce ya Toyota, na pikapu ya kebini moja kama Hilux ya Toyota ama D-Max ya Isuzu. Tuktuk nitaigusa tu.

Kabla uangalie gari, angalia haya

Ya kwanza ni mzigo, na mzigo uko na urefu na uzito, watu husahau moja. Shiti ya jipsamu ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.4 kwa 1.2 na kidogo, plywood na MDF ni hivyo hivyo. Paipu za PVC za maji taka na skwea tubu za chuma zinakuja mita 6, na hakuna gari hata moja hapa chini inameza mita 6, kwa hivyo kama wewe ni plamba ama welda swali lako kubwa ni keria ya juu itafungwa wapi na itashika vipi. Kwa uzito, mfuko wa simiti ni kilo 50, mifuko 20 ni tani, hiyo ni rahisi. Ndoo ya rangi ya lita 20 kwa kawaida inapita kilo 25. Zenye zinadanganya watu ni taili. Boksi la 60 kwa 60 lenye vipande vinne linafunika mita 1.44 za mraba na lina kama kilo 30, sasa sebule ya mita 30 za mraba inataka maboksi 21, hiyo tayari umepita kilo 600 na hujaweka gundi wala msaidizi ndani ya gari.

Ya pili ni vyombo. Grinda, drili, leza ya kupima, mashine ya kukata taili, kompresa ya rangi. Hivi ndivyo vinakulisha. Gari ikiwa wazi nyuma na uko kwa jamu jioni, kitu kinashuka na wewe hujui, na ukilala Kayole ama Pipeline gari inalala kwa pakingi ya kulipia na vyombo lazima uvipandishe ghorofa ya nne kila usiku. Kupandisha na kushusha kila siku ni kazi, na siku umechoka utaviacha. Ndio maana mimi naweka hii juu hata kuliko mafuta.

Ya tatu ni njia ya kufika saiti. Nairobi ya mjengo saa hii iko pembeni: Utawala, Syokimau, Kitengela, Kamulu, Joska, na huko kwingi ni ule udongo mweusi unaonata, mvua ya Machi mpaka Mei ama ya Oktoba mpaka Desemba ikishika, mita 300 za mwisho kutoka lami zinaeza kukulaza. Upande wa Kikuyu, Ruaka, Limuru ni udongo mwekundu na milima, unateleza lakini angalau haushiki tairi vile. Jiulize saiti zako ziko upande gani.

Halafu pesa, na sio bei ya kununua peke yake. Bei ya mafuta EPRA, wale wa serikali wa kusimamia nishati, wanabadilisha kila tarehe 14 ya mwezi na wewe ulishampatia klayenti bei. Spea, na hasa siku ngapi gari inakaa kwa makanika ikingoja spea, juu siku gari imekaa wewe unakodisha ingine na bado vijana unawalipa. Mwisho makaratasi, nitayaeleza yote pamoja baada ya magari.

Daftari ya kazi ikusaidie. Mwezi mmoja andika kila safari umebeba nini, refu kabisa ni gani, ulilipa nani. Ukimaliza utajua mengi kuliko yenye utaambiwa na mtu wa yadi.

Probox (na Succeed, ndugu yake)

Mzigo: Toyota wenyewe wanaiandikia kilo 400 mkiwa watu wawili na kilo 250 mkiwa watano. Kwa hesabu ya simiti hiyo ni mifuko 8, ama 5 ukiwa na vijana wote ndani. Tunaona kila siku ikipakiwa kupita hapo, imeinuliwa nyuma na kuongezwa springi, lakini ukiongeza springi breki zinabaki zile zile, na Mlima wa Limuru hauulizi. Ukikunja viti sehemu ya nyuma ni urefu wa mita 1.8 hivi na iko flati vizuri sana, ngazi ya kukunja inaingia, ndoo za rangi zinapangana. Shiti ya jipsamu haiingii kabisa. Inaenda kwa keria juu, na hapo uko na shida mbili, upepo ukiwa barabara kubwa na mvua, juu jipsamu ikilowa imeenda. Turubai nzuri na kamba za ratcheti ni lazima, sisal hapana.

Vyombo: Imefunikwa na inafungwa, hilo ni zuri, lakini ni vioo pande zote na kila mtu anaona kompresa imelala pale. Wengi wanaweka tinti ama wanashona pazia nyeusi ya kufunika mzigo. Inasaidia.

Njia: Nyingi zinavutwa na tairi za mbele. Kwa matope ya kawaida ziko sawa, lakini ukipakia nyuma sana mbele inakuwa nyepesi, na kwa kilima chenye matope tairi za mbele zinazunguka tu. Chini pia iko karibu na ardhi, ile njia ya matrekta katikati imeinuka itakugusa sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini. Ziko zenye zinavuta zote nne, ukipata iliyotunzwa ni kitu poa kwa watu wa Kamulu.

Pesa: Hapa ndio Probox inashinda mabishano mengi. Injini ya 1500 ya 1NZ ni ile iko kwa Fielder, Axio, Vitz za 1500 na zingine mob, kwa hivyo Grogan, kule maduka ya spea, ni za kuchagua, mpya, za eksi-Japani, za bei yote, na makanika wa kila mtaa anaijua akiwa amefunga macho. Kwa mjini na barabara ukichanganya unapata kilomita 12 mpaka 15 kwa lita kama huipakii vibaya. Zilianza kuundwa 2002, umbo likabadilishwa 2014, na ya haibridi ikaja 2018. Ya kutoka Japani karibuni inapita milioni moja, ya namba ya zamani hapa ni chini ya hapo, na siku ya kuuza hautangoja mnunuzi.

Inafaa: Fundi wa rangi, wa umeme, wa CCTV na intaneti, fundi wa kabati anayepima kwa klayenti na kutengenezea karakana. Pia mwenye gari ndio hiyo hiyo ya familia, Jumapili mnaenda nayo kanisani. Haimfai fundi wa taili anayebeba mzigo mwenyewe.

Carry na zile pikapu ndogo za injini ya 660cc

Hizi zimeongezeka Nairobi vibaya sana na naelewa kwa nini. Na jua kitu moja kabla uende yadi: tangu 2014 hivi, Suzuki Carry, Nissan Clipper, Mazda Scrum na Mitsubishi Minicab ni gari moja imebadilishwa beji tu. Daihatsu Hijet nayo ndio Toyota Pixis, na ndio Subaru Sambar ya kuanzia 2012. Kwa hivyo ukitafuta spea usitafute kwa beji, tafuta kwa namba ya chasisi, na ukipata Clipper bei ya chini kuliko Carry ya mwaka huo huo na hali hiyo hiyo, chukua Clipper.

Mzigo: Sheria ya Japani inazipa kilo 350. Mifuko 7 ya simiti. Ni kidogo, usijidanganye. Lakini umbo la nyuma ni zuri kushinda hata pikapu kubwa: iko flati kabisa, haina vile vimatuta vya tairi, pande zote tatu zinafunguka, urefu ni mita 1.9 na upana mita 1.4. Shiti ya jipsamu inalala flati, inatokeza nyuma kama nusu mita, unafunga kitambaa chekundu na unaenda. Kushusha ni rahisi juu sakafu iko chini ya kiuno, na kijana mmoja anaeza shusha shiti bila kuvunja kona. Mtu wa jipsamu anajua vile kona zinavunjika, na kila kona ni pesa yako.

Vyombo: Wazi. Kebini ni ya watu wawili, nyuma ya kiti nafasi ya mkoba ni finyu. Suluhisho ni kuenda kwa mafundi wa chuma Kariobangi ama Kamukunji wakuchomelee sanduku la kufuli nyuma ya kebini, uzito wake uutoe kwa zile kilo 350.

Njia: Nyepesi, fupi, na nyingi ziko na gia ya kuvuta tairi zote nne, zingine hata na gia nzito ya chini. Kwa matope zinashangaza watu, zinapita mahali gari kubwa imezama, na zikikwama watu wanne wanazisukuma. Tairi ni ndogo lakini, shimo la Nairobi unalisikia lote. Kwa barabara kubwa sizipendi. Ni injini ya 660 na mzigo, trela nyuma yako Mombasa Road, na miguu yako iko karibu kabisa na bampa ya mbele. Mwenye anaenda Machakos ama Naivasha kila wiki afikirie maisha yake kwanza.

Pesa: Kununua mara nyingi ni chini ya Probox ya umri mmoja, mafuta inakunywa kidogo. Spea ndio mtihani, zinapatikana lakini sio kila duka, na makanika wa mtaa anaeza kukuambia anaijua kumbe anajifunza kwako. Uliza mwenye anayo anapeleka wapi kabla ulipe.

Inafaa: Fundi wa jipsamu, wa alumini na vioo vidogo, plamba wa nyumba za kukarabati, mtu wa bustani na paving ya mzigo kidogo kidogo, anayefanya kazi ndani ya Nairobi na pembezoni. Na wewe na msaidizi mmoja tu.

Vani: TownAce, LiteAce, Bongo

Naongea sana juu ya TownAce ya sasa, ile ya kuanzia 2008, LiteAce ni hiyo hiyo, na tangu 2020 hata Bongo ya Mazda ni hiyo imebandikwa jina. Zinaundwa Indonesia na Daihatsu.

Mzigo: Kama kilo 750, mifuko 15, na nyuma urefu wa mita 2 na kimo cha mita 1.3. Rangi, gundi, taili za bafu na jikoni kwa pamoja zinaingia na mlango unafungwa. Shiti nzima ya jipsamu bado haiingii mlango ukafungwa, itatokeza. Vani yenye inameza shiti nzima ni Hiace ile ndefu, nyuma iko na mita 3, lakini hiyo bei yake unashindana na wenye matatu.

Vyombo: Hapa hakuna inayoikaribia. Inafungwa yote, vioo vya nyuma ukivifunika hakuna anayeona ndani, unachomelea rafu, kila drili na mahali pake, na mvua ikianza unafunga mlango tu. Fundi wa umeme ama plamba mwenye hutembea na vitu vidogo elfu moja, elbo, soketi, skrubu, atapunguza safari za kurudi hadiwea kwa njia hatapata kwa gari ingine. Klayenti wa Kileleshwa ama Lavington pia anakuona umejipanga. Tahadhari moja, na naisema kwa uzito: thina, rangi ya mafuta na petroli ya jenereta zikiwa ndani na wewe, hewa ni ile mnavuta. Dirisha wazi, makopo yafungwe kabisa, na hakuna mtu anawasha sigara.

Njia: Nyingi zinasukumwa na tairi za nyuma, mzigo uko juu yake, kwa hivyo ikiwa imepakiwa inavuta sawa. Tupu kwa udongo mweusi inateleza. Na ni ndefu kwenda juu, upepo wa kando unaisikia.

Pesa: Injini ya 1500 lakini inasukuma boksi, usitarajie ile ya Probox, mafuta inakunywa zaidi. Injini iko chini ya viti, huduma ndogo tu unainua kiti, na joto la mchana unalijua. Bei iko karibu na Probox ama juu yake kidogo ukilinganisha mwaka kwa mwaka.

Inafaa: Plamba, fundi wa umeme, fundi wa taili za nyumba ndogo, wenye vyombo vya bei na wanaolala mtaa wa ghorofa. Watu wa shiti, mbao ndefu na mchanga, hapana.

Pikapu ya kebini moja: Hilux, D-Max

Mzigo: Karibu tani moja, na hii ndio ya kwanza kwa orodha yenye mifuko 18 ya simiti haiitishi. Mchanga, ballast, mabati, mlango wa chuma, taka za kubomoa, unatupa tu nyuma na kuosha na maji. Urefu wa nyuma ni mita 2.3 hivi kwa hivyo shiti inatokeza kidogo sana, ila kati ya vimatuta vya tairi upana ni kama mita 1.1 na shiti ni 1.2, haitalala chini kabisa, unaweka mbao mbili za kuinua. Ukichomelea keria ya kupita juu ya kebini, zile tubu za mita 6 sasa zinabebeka. Trela ndogo pia inaivuta.

Vyombo: Shida ile ya Carry, wazi, lakini kuna nafasi ya sanduku kubwa ama kanopi ya kufunga. Kanopi ni nzuri kwa vyombo na ni mbaya kwa mzigo mrefu wa kwenda juu, chagua.

Njia: Imeinuka na chasisi ni ya kazi. Isiyo ya tairi nne, ikiwa tupu na mvua imenyesha, nyuma ni nyepesi na inacheza, wengi hubeba mifuko miwili ya mchanga msimu wa mvua. Ya tairi nne Kitengela hainuni, lakini bei iko juu.

Pesa: Ngoja nikae hapa kidogo juu ndipo watu huumia. Hilux haikuuzwa Japani kuanzia 2004 mpaka 2017, na iliporudi ikarudi na ya milango minne. Maana yake ni kwamba Hilux ya kebini moja ya mkono wa pili unayoona Nairobi si ile gari ya mzee wa Japani aliyeitunza, mara nyingi imefanya kazi hapa hapa, ya kampuni, ya shamba, ya mjengo, imebeba kokoto miaka na imepitia mikono. Rangi mpya haikuambii kitu. Ingia chini, angalia chasisi kama imechomelewa, hasa karibu na springi za nyuma, angalia vile sakafu ya nyuma imebonyea, washa injini ikiwa baridi uone moshi, na makanika awe wako, asiwe wa muuzaji. D-Max inaundwa hapa hapa Mombasa Road na Isuzu East Africa, kwa hivyo spea na watu wa kuijua wapo, lakini swali la maisha yake ya nyuma ni lile lile. Mpya ya kiwandani ni mamilioni kadhaa. Dizeli inakupa kilomita nzuri ikiwa na mzigo, ila injekta na pampu zikikataa, bili yake inaeza kumaliza faida ya kazi nzima.

Na ile tabia ya kupakia vijana nyuma juu ya simiti, tafadhali. Trafiki watakushika na wako na haki, lakini mimi nafikiria yule kijana na mama yake. Kebini ni ya watu wawili, watatu wakibanana, wengine walipe nauli na uiweke kwa koteshini, ile bei unampatia klayenti.

Inafaa: Kontrakta mdogo mwenye saiti zinazoendelea, welda wa mageti na grili, fundi wa paa, mtu wa kubomoa na kukarabati, mwenye kazi za nje ya mji.

Tuktuk ya mzigo, kwa ufupi

Inabeba kama nusu tani, inakula mafuta kidogo kabisa na bei inazunguka nusu milioni. Kwa fundi anayefanya kazi mtaa mmoja, tuseme Umoja mpaka Kayole, ni akili. Ila haikubaliwi Expressway, mjini katikati utasumbuliwa, na leseni yake ni A3, ile B yako ya gari haitoshi.

Makaratasi, yanahusu zote

Bima kwanza. Ukikata ya gari binafsi halafu unabeba mzigo wa kazi kila siku, siku ya ajali kampuni inaeza kukataa kulipa. Kuna bima ya biashara ya kubeba mzigo wako mwenyewe na kuna ya kubeba mzigo wa watu kwa malipo, ni tofauti. Kama wikendi unapanga kuhamisha watu nyumba ndio gari ijilipe, ile ya kwanza haikufuniki, sema ukweli ukiikata.

Gari ya biashara inaenda inspekshoni ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kila mwaka, na KRA wanataka kodi ya mapema kwa vani na pikapu, 2,500 kwa kila tani ya mzigo ama 5,000 kwa mwaka, iliyo kubwa. Ukiandika jina la biashara na namba ya simu kwa mlango, kanjo (watu wa kaunti) wanahesabu hiyo ni tangazo na liko na ada yake. Ya kuagiza Japani lazima iwe haijapita miaka 8. Ya hapa, kabla utume hata deposit ya kushika, tafuta rekodi yake kupitia eCitizen uone mwenye ni nani na kama logbuku (karatasi ya umiliki) iko na jina la benki ama mkopeshaji.

Kwa mkopo, sacco nyingi zinatoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Ulinganishe na yule mkopeshaji wa kushika logbuku mwenye anakupa pesa siku hiyo hiyo, na ulinganishe jumla utakayolipa mpaka mwisho, usiangalie tu ya mwezi.

Sasa, kulingana na hali yako

Kama daftari inasema siku nyingi unabeba vyombo na ndoo, watu watatu ama wanne, na saiti ziko kwa lami ama karibu, Probox inakutosha na pesa inayobaki nunua mashine nzuri. Hiyo mashine italeta kazi, gari haileti.

Kama vyombo vyako vina thamani inayokaribia gari yenyewe na unalala mahali hauna geti, vani, hata kama mafuta yako juu kidogo.

Kama wewe ni shiti na vitu vipana lakini vyepesi, na kazi ni Ruaka, Kikuyu, Utawala, Syokimau, Carry. Ukianza kupata kazi za Nakuru ama Machakos mfululizo, hesabu upya.

Kama kila wiki, sio mara moja kwa mwezi, kila wiki, unalipa kanta ya mchanga, simiti, chuma ama taka, pikapu itajilipa, na hapo hata mkopo wa sacco una maana. Kama ni mara moja kwa mwezi endelea kulipa kanta na usione aibu.

Kama kazi bado hazijatulia, mwezi huu tatu, ujao hakuna, usinunue kitu bado. Tafuta mtu mmoja wa pikapu mwaminifu, mkubaliane bei ya safari, uiweke kwa kila koteshini kama laini yake ili klayenti ailipe, sio wewe.

Na kama umebaki na mbili na zinakuvuta pande mbili, kodisha kila moja siku mbili. Pakia vyombo vyako vyote, vijana wako, na kile kitu kirefu kabisa huwa unabeba, halafu uende saiti yako yenye njia mbaya kuliko zote, ikiwezekana mvua ikiwa imenyesha jana yake.